Mizimu ya Midgar

Kabla sijaigusa Final Fantasy VII Remake nilikuwa nimeshasoma karibu kila kilichoandikwa juu yake. Sikupanga iwe hivyo. Gemu ilitoka tarehe 10 Aprili 2020, siku zilezile ambazo ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zikisitishwa kutua Tanzania kwa sababu ya korona, na duka la Kariakoo nilikoagiza diski huleta mzigo wake kutoka Dubai. Kuipakua kwa bando la simu halikuwa jambo la kufikiria. Gemu yenyewe ilijaza diski mbili za Blu-ray. Nikabaki kuwa msomaji: asubuhi chai na uhakiki, usiku uhakiki bila chai.

Mhariri wa ukurasa wa burudani niliokuwa nikiuandikia alikuwa ameniomba maneno mia sita pamoja na nyota. Nyota ndizo alizozitaka zaidi. "Kaka, msomaji hasomi aya zako. Anatazama nyota ngapi, anafunga gazeti," aliniambia kwenye simu, wala hakuwa akitania.

Kwa mtu wa nyota, kazi ilikuwa imeshakwisha. Famitsu, jarida la Japani ambalo wahakiki wake wanne hutoa kila mmoja alama hadi kumi, lilitoa 39 kati ya 40. GameSpot ya Marekani ilitoa 10 kamili, IGN ikatoa 8. Metacritic, tovuti inayozikusanya alama za wahakiki na kupiga wastani, iliiweka kwenye 87 kati ya 100. Ukiziona kwa mbali unasema dunia imekubaliana: gemu nzuri, nunua. Lakini nilipoacha namba na kufuata maneno, niliona kwamba watu hawa hawakuwa wamecheza gemu moja. Wa kwanza anasifu kurefushwa kwa mkasa, wa pili anakuita kurefushwa huko ulafi. Huyu anauita mwisho wake ujasiri, yule anasema mwisho huo umemharibia saa zote zilizotangulia. Walichoafikiana ni mapigano, muziki na sura za wahusika, yaani yale yanayoonekana na kusikika hata ukipita sebuleni kwa mwenzako wakati anacheza.

Kwa ambaye hakuikuta ile ya kwanza, ambayo Remake inaisimulia upya: Final Fantasy VII ilitoka Japani Januari 1997, kazi ya kampuni ya Square, kwenye PlayStation ya mwanzo. Mtayarishaji alikuwa Hironobu Sakaguchi, mwongozaji Yoshinori Kitase, michoro ya wahusika ya Tetsuya Nomura, muziki wa Nobuo Uematsu. Ni gemu ya uhusika, aina ambayo hushindani na mtu wala hutafuti bao, bali unamvaa mtu na kumfuata kwenye mkasa wake kwa makumi ya saa. Mtu huyo ni Cloud, askari wa kukodiwa mwenye upanga mpana kuliko kifua chake. Anajiunga na kikundi kinacholipua vinu vya Shinra, kampuni ya umeme inayonyonya uhai wa dunia na kuugeuza nishati. Mji wao, Midgar, umejengwa ghorofa juu ya watu: matajiri wanaishi juu ya sahani kubwa ya chuma, maskini wanaishi chini yake na hawalioni jua.

Mimi niliikuta Dar es Salaam mwaka 2006, ikiwa imeshazeeka. Ule ndio mwaka wa mgao mkubwa wa umeme, mabwawa yalipopungukiwa maji. Nikikumbuka nacheka peke yangu: kijana amekaa sakafuni analipua vinu vya umeme kwenye televisheni, na katikati ya mlipuko umeme wa kweli unakatika. Kama hujahifadhi kwenye memori kadi, ukirudi unakilipua kinu upya. Wenzangu wote mtaani walikuwa wakicheza mpira, Winning Eleven, kwa kupokezana pedi. Gemu ya kusoma maandishi ya Kiingereza saa nzima bila kufunga bao waliiona adhabu ya shule.

CD zangu zilikuwa za kunakiliwa, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: moja, mbili, tatu. Ya kwanza ilicheza bila kukwama. Inaishia pale ambapo Aerith, muuza maua wa mitaa ya chini, amepiga magoti anasali, na Sephiroth, adui mkuu wa mkasa, anashuka kutoka juu na kumchoma upanga mgongoni. (Aliyetaka kuicheza bila kulijua hili anisamehe, lakini ni siri ya tangu 1997.) Baada ya pigano fupi Cloud anambeba hadi majini na kumwachia azame. Mazungumzo machache, kisha gemu inakuomba uweke diski ya pili. Nikaiweka. Ilikuwa gemu ya mieleka. Ya tatu haikusoma kabisa, na niliporudi kibandani, muuzaji alikuwa ameshahama.

Kwa hiyo Final Fantasy VII yangu ni gemu ambayo watu wema wanashindwa na muuza maua hafufuki. Nilijua kuna mbele. Rafiki yangu mmoja wa Zanzibar aliyekuwa na diski zote alinisimulia mpaka mwisho, na akasimulia vizuri. Hata hivyo kwa miaka mingi, mtu akitaja jina la gemu hiyo, kilichonijia kilikuwa maji na yule msichana, basi. Rafiki yangu yeye alikuwa akitaja mambo ya diski ya pili na ya tatu, Cloud anapogundua kwamba nusu ya kumbukumbu zake si zake. Tulikuwa tunaipenda gemu moja kwa jina tu.

Mwaka 2005 Square Enix, kampuni iliyozaliwa Square ilipoungana na Enix mwaka 2003, ilionyesha mwanzo wa gemu ile kwa sura mpya ili kutangaza uwezo wa PlayStation 3, ikasema ni maonyesho tu. Watu walikataa kusikia neno "tu". Miaka kumi walidai, mpaka Juni 2015, mjini Los Angeles, kwenye maonyesho ya E3, tangazo la kweli likatolewa na ukumbi mzima ukapiga mayowe. Desemba mwaka huohuo ikaja habari iliyopunguza furaha: itatoka kwa vipande. Kipande cha kwanza kingekuwa Midgar peke yake.

Hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wa urefu. Katika gemu ya 1997 Midgar ni mlango wa kuingilia. Mchezaji mzoefu anatoka nje ya mji ule ndani ya saa tano hadi nane na kuikuta dunia nzima inamsubiri. Katika gemu mpya Midgar inachukua saa thelathini, arobaini ukizurura, na ukifika langoni gemu imekwisha. Boksi lenyewe halikuandika popote kwamba hii ni sehemu ya kwanza, na hilo wahakiki kadhaa walilipigia kelele kwa haki. Mtu ametoa bei ya gemu nzima.

Diski ilinifikia Juni, ndege ziliporudi. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa bado kwetu kwa kuwa shule zilifungwa tangu Machi na kidato chake kilikuwa hakijarudi. Yeye hakuwahi kuiona ile ya zamani. Nilimpa pedi, mimi nikakaa na daftari, kwa sababu niliona huyu ndiye mhakiki ambaye sikumkuta katika yote niliyoyasoma: asiye na kumbukumbu ya kulinda. Karibu wote walioipa alama gemu ile kwa sauti kubwa walikuwa watu wa rika langu au wakubwa zangu, na karibu kila uhakiki ulianza na utoto wa mwandishi. Wasomaji wao nao walikuwa wakiwasoma ili kujua kama utoto wao uko salama.

Niseme kwanza walipopatia. Mapigano ni mazuri kupita kiasi. Zamani ulikuwa unasubiri mstari ujae ndipo uchague cha kufanya. Sasa unakatakata kwa upanga wewe mwenyewe, mapigo yako ndiyo yanayoujaza mstari ule, na ukifungua orodha ya amri dunia inapunguza mwendo mpaka uamue. Mawazo ya zamani yamebaki na mkono umepata kazi. Mpwa wangu aliyezoea gemu za risasi alielewa ndani ya pigano la pili, mimi nikachukua muda zaidi. Na vijazio, yale ya kurefusha tu ambayo IGN iliyalalamikia, vipo kweli, haikuonea mtu. Kuna kazi ya kutafuta paka watatu, nyingine ya kuwasaka watoto waliotawanyika, nyingine ya kuua panya. Kuna mikono ya mashine ya kubebea makontena, ambayo unaiendesha huku na huku Aerith akiwa amesimama juu yake. Kuna maabara ya Hojo, mwanasayansi wa Shinra, karibu na mwisho, korido juu ya korido, ambako mpwa wangu aliniuliza kama tumepotea. Na kuna ule mlango. Wachezaji wa dunia nzima waliupiga picha: mlango wa chumba cha Cloud, umefifia na kuvia rangi ndani ya gemu ambayo nyusi za wahusika wake unaweza kuzihesabu. Ukurasa mzima wa uhakiki haukusema kitu kilichosambaa kama picha ya mlango ule.

Lakini neno "vijazio" lilitumika pia kwa mambo ambayo si vijazio hata kidogo, na hapo ndipo daftari langu lilipoanza kujaa. Mchukue Jessie, fundi wa mabomu wa kikundi. Mwaka 1997 alikuwa na mistari michache ya maneno na kifo. Gemu mpya inampa sura nzima: unapanda naye usiku kwenda kwa wazazi wake kule juu ya sahani, unajua kwamba aliota kuwa mwigizaji, unamkuta baba yake, mfanyakazi wa Shinra, amelala bila fahamu kwa kudhuriwa na nishati ileile aliyokuwa akiitumikia. Mama anapika, watu wanakula na kucheka, na chumba cha pili kuna mgonjwa asiyejua kama wageni wamekuja. Baadhi ya waliokuwa wakiuliza tutatoka lini Midgar waliihesabu sura hii kwenye urefu usio na sababu. Sahani ilipoangushwa juu ya watu na Jessie akafa, mpwa wangu aliweka pedi chini akasema hataki kuendelea leo. Mimi mwaka 2006 nilibonyeza kitufe nikaenda mbele. Kifo ni kilekile.

Barret naye. Mwaka 1997 ndiye mtu mweusi pekee katika kundi la mashujaa, mkono wake mmoja ni bunduki, na katika Kiingereza alichoandikiwa alikuwa mtu wa kelele na matusi. Wahakiki wa Marekani kwa miaka mingi wamemfananisha na Mr. T wa televisheni, na si kwa sifa. Mwaka 2020 baadhi yao walisema kelele bado zipo, wengine wakasema mwigizaji wa sauti yake ya Kiingereza, John Eric Bentley, amemrudishia utu. Mimi naona wote wana ushahidi. Sura za mwanzo anahubiri kwenye treni huku amevaa miwani ya jua usiku, na nilitamani mtu amwombe apunguze sauti. Kisha anarudi nyumbani kwa Marlene, mtoto anayemlea, na unamwona mtu mzima anayejua kwamba mabomu yake yameua watu wasiohusika na hana wa kumwambia. Ila niongeze jambo ambalo sikulikuta kwenye hakiki zao: kwetu wa mwaka 2006, tuliokuwa tukihesabu saa za giza, Barret hakuhitaji kutetewa. Alikuwa mtu mwenye hasira na umeme.

Sasa mizimu. Tangu sura za mwanzo vivuli vya kijivu vyenye kofia huwazunguka wahusika, na mwanzoni hujui vinataka nini. Jessie anaumizwa mguu navyo, kwa hiyo Cloud, ambaye alikuwa ameachwa nyuma, lazima aende kwenye kinu cha pili, kama alivyoenda mwaka 1997. Baadaye Sephiroth anamchoma Barret upanga na Barret anakufa. Mpwa wangu akaruka: "Anko, wamemuua!" Nami niliyekuwa mtulivu saa zote zile nikashtuka kuliko yeye, kwa kuwa najua Barret hafi. Na kweli, mzimu ukamwingia na kumrudisha: siku yake ilikuwa haijafika. Kazi ya mizimu ni kuhakikisha kisa hakitoki kwenye njia yake ya zamani.

Bibi yangu alikuwa akisimulia hadithi za sungura, na kila alipojaribu kubadili kitu sisi wajukuu tulimkatiza: hapana bibi, fisi alikuwa ameshafika, umesahau. Alitukubalia, akarudia vile tulivyotaka. Wajukuu wale ndio mizimu ya Midgar. Nomura na wenzake waliwachora mashabiki wao, wahakiki wakiwemo, wakawaingiza ndani ya gemu, na katika sura ya kumi na nane, ya mwisho, wakakupa pedi uwapige.

Ni wazo la kijanja sana, na nilicheka nilipolielewa. Utekelezaji wake ndio niliougombea kwenye daftari. Pigano la mwisho linarushwa angani, majengo yanapaa, mzimu mmoja mkubwa kuliko mji unajaza skrini, na gemu iliyokaa saa thelathini na watu wanaokula chakula cha mama Jessie inageuka ghafla kuwa ya kugombania majaaliwa ya ulimwengu. Kisha Zack, rafiki wa Cloud ambaye sisi wa zamani tunajua alikufa, anaonekana mzima, na upepo unapeperusha pakiti ya vitafunwa yenye picha ya mbwa wa aina tofauti na yule tuliyemzoea kwenye kuta za Midgar, ishara kwamba hapa pengine ni ulimwengu mwingine. Nilimtazama mpwa wangu.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa wameshinda. Sasa huyu wa mwisho ni nani, na mbona muziki unanilazimisha nilie?"

Hilo moja lilinitosha kuliko hakiki nyingi nilizozisoma Aprili. Kwa asiyeijua gemu ya 1997 mwisho ule ni barua iliyopelekwa nyumba ya jirani. Waliotoa alama kumi na waliotoa nane hawakuwa wakibishana juu ya ubora. Walikuwa wakibishana kama barua ile ni haki kuandikwa, na wote wawili ilikuwa imeandikwa kwao. Nilimwandikia mhariri makala yenye pande mbili, upande wangu na upande wa kijana wa kidato cha tatu, kila mmoja akisema alikotokea. Alipunguza upande wa kijana, akaweka nyota nne. Sikugombana naye, nne si mbaya. Desemba mwaka ule gemu ikashinda tuzo mbili kwenye The Game Awards, ya gemu bora ya uhusika na ya muziki, ambayo ilikuwa haki yake bila ubishi.

Kipande cha pili, Rebirth, kilitoka tarehe 29 Februari 2024. Alama zilipanda, Metacritic ikasema 92, sawa kabisa na wastani wa gemu ya 1997. Sifa zilikuwa za ukubwa wa dunia yake na uhuru wa kuzurura, manung'uniko yakawa juu ya michezo midogomidogo isiyokwisha. Na Square Enix ikakiri kwamba mauzo hayakufikia matarajio yake, jambo linalopaswa kumfanya mtu yeyote wa nyota afikiri. Kipande kinaishia pale palipoishia CD yangu. Cloud anauzuia upanga wa Sephiroth, au tunaonyeshwa kwamba ameuzuia, kisha damu ipo, kisha haipo, kisha mapigano marefu, Zack anakuja na kuondoka, Aerith anaonekana kwa Cloud na haonekani kwa wenzake. Wahakiki wengi waliosifu kila kitu walikwama hapo, na mimi niko nao bila kusita. Mwaka 1997 gemu ilimuua mtu ikakuacha na jambo hilo. Hapa imekuogopa, ikakupa kila jibu kwa pamoja ili usikasirike. Safari hii sikuona tena mzimu wa shabiki akipigwa, niliona akibembelezwa.

Mpwa wangu, ambaye sasa yuko chuo, haoni tatizo. Kwake Aerith ni mtu aliyetembea naye saa mia na zaidi katika vipande viwili, na anasema mwisho wenye utata unamfaa kuliko mwisho wa kikatili. Tulibishana sana kwenye simu mpaka nikamwambia akaicheze ile ya zamani ndipo tuongee, maana inapatikana hata kwenye simu za Android. Akaipakua usiku uleule.

Hukumu zilianza kuingia kwa ujumbe wa sauti. Wahusika hawana midomo. Mikono yao ni vipande vya mbao. Muziki sawa, muziki hauna deni. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba gemu inakimbia. "Anko, wamekatakata sana. Jessie kafa sijaongea naye hata mara tatu! Baba yake hayupo, mama yake hayupo, chakula hakuna. Nimetoka Midgar sijakaa hata jioni mbili. Hawa walikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Alikuwa akiilalamikia gemu ya 1997 kwamba ni muhtasari mbovu wa gemu ya 2020, na kila nilichotaka kumjibu kilikuwa kimeshaandikwa Aprili ile na watu wa rika langu, kwa upande wa pili.

Juzi amefika kwenye kinamasi cha Midgar Zolom, yule joka ambaye huwezi kumvuka kwa miguu ukiwa bado dhaifu. Nimemwambia arudi nyuma akamkamate chocobo, yule ndege wa kupandwa kama farasi, apande, avuke mbio. Amekataa, anasema atapigana naye kwanza aone.